Dakika Saba za Kusubiri: Kisa cha Kipakatalishi Kipya Mjini Maua

Mtu wa pwani afikapo Maua hustaajabia mambo mawili: kwanza baridi, kisha haraka. Mji huu ulioko kwenye miteremko ya milima ya Nyambene, Kaunti ya Meru, huishi kwa saa ya miraa. Jani likishachumwa huanza kupungua nguvu, na baada ya siku mbili hivi halina tena bei ya maana. Kwa hiyo huchumwa, hufungwa kwa majani ya mgomba, hupakiwa kwenye pikapu na kuondoka mbio kuelekea Nairobi, nyingine ikiwahi ndege ya Mogadishu. (Hatuingii hapa katika khitilafu za maulamaa juu ya miraa; hilo lina mahali pake na wenyewe.) Nisemalo ni kwamba katika mji huo ambao kila mtu anatazama saa, nilikuta watu watano wa nyumba moja wameketi kimya sebuleni, wakingojea mashine ifunguke.

Nyumba yenyewe ni ya dada yangu. Mumewe ni mzaliwa wa Lamu, na kwa miaka mingi sasa ana duka la nguo mjini Maua. Binti yao mkubwa alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata alama za kumwingiza chuo kikuu, alhamdulillahi, na baba akaona haifai mtoto aende huko mikono mitupu. Alimnunulia kipakatalishi, au laptopu kama wengi wetu tuitavyo, kutoka duka moja la Mombasa kwa shilingi 38,000. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa zamu ya dada yangu katika chama cha akina mama. Kilikuwa kipya kabisa, kimo ndani ya boksi, na plastiki yake haijabanduliwa.

Wiki ya tatu ikawa ndiyo wiki ya mwisho ya wanafunzi kurekebisha uchaguzi wa kozi katika tovuti ya KUCCPS, shirika linalowagawa wanafunzi vyuoni. Usiku wa mwisho umeme ulikatika baada ya Magharibi, na betri ilikuwa karibu kwisha. Umeme uliporudi ilikuwa saa nne na nusu, na tovuti ingefungwa saa sita. Binti alibonyeza kitufe. Kikazunguka kile kiduara. Kisha ikatokea skrini ya buluu yenye hesabu ya asilimia, na onyo kwamba mashine isizimwe kwa kuwa inajisasisha. Saa tano na robo ilikuwa asilimia 61. Mwishowe alijaza fomu kwenye simu ya baba yake, kioo kimepasuka pembeni, akatuma saa sita kasoro dakika tisa. Asubuhi ndipo alipogundua kwamba kwa pupa ameligeuza chaguo la pili likawa la tatu.

Nilipowasili siku mbili baadaye, shemeji alikuwa amekwisha kata shauri. "Shemeji, huyu mtu amenighushi," akaniambia. "Kaniuzia mashine mbovu kwa jina la mpya. Ijumaa nashuka Mombasa, na nitamwambia mbele ya wateja wake."

Binti alikuja na chai. "Shikamoo mjomba. Naomba uitazame kwanza, kabla Baba hajasafiri."

Ombi hilo la binti lilikuwa na busara kuliko hasira ya baba, na ndilo lililozaa makala haya. Kumwita Mwislamu mwenzio mghushi ni jambo zito. Na kusema kweli, mashine mpya inayochelewa kufunguka si lazima iwe mbovu. Mara nyingi imetwishwa mizigo kabla haijaamka.

Jambo la kwanza nililofanya halikuwa kubonyeza chochote. Nilifungua saa ya kupimia kwenye simu, nikamwomba binti azime kipakatalishi kisha akiwashe, nasi tukaugawa muda mafungu matatu. Fungu la kwanza ni tangu kitufe kubonyezwa hadi nembo ya Windows kuonekana. Hapo mashine inajikagua viungo vyake yenyewe. La pili ni tangu nembo hadi kuombwa nenosiri. Hapo mfumo endeshi unasomwa kutoka kwenye diski. La tatu ni tangu nenosiri kukubaliwa hadi mashine itii amri, yaani ufungue ukurasa na ufunguke kweli. Tulipata sekunde 14, kisha dakika 1 na sekunde 50, kisha dakika 4 na sekunde 41. Jumla ni dakika 6 na sekunde 45.

Namsihi kila msomaji mwenye lalamiko kama hili aanze na kipimo hicho, kwa sababu kila fungu lina maradhi yake. Fungu la kwanza likirefuka, kasoro huenda iko kwenye mashine yenyewe, au kuna kifaa kama flashi kilichosahauliwa kimechomekwa. La pili likirefuka, tazama diski. La tatu likirefuka, kama lilivyokuwa la nyumba ile, basi kuna wageni walioingia pamoja na mwenye nyumba.

Wageni hao ni programu zinazojiwasha zenyewe. Programu nyingi zinapowekwa hujiandikisha katika orodha ya zile zitakazoamshwa kila mashine iwashwapo, na nyingi haziombi ruhusa kwa maneno ambayo mtu wa kawaida angeyaelewa. Kuiona orodha hiyo si kazi ya fundi. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kisha tafuta sehemu iliyoandikwa "Startup apps". Mbele ya kila jina utaona Windows yenyewe imepima uzito wake: mkubwa, wa wastani au mdogo. Sisi tulikuta majina 11. Kulikuwa na programu ya mikutano ya video, ambayo binti aliitumia mara moja tu. Programu ya muziki. Ghala la faili la mtandaoni, lililokuwa likijaribu kupandisha picha zote za harusi ya shangazi. Msaidizi wa printa, ilhali nyumba haina printa. Na duka la michezo, ambalo mdogo wake wa miaka kumi alilikana kwa kiapo, kisha akalikiri.

Tulizima nane. Kuzima hapa si kufuta: programu inabaki mahali pake na itafunguka utakapoihitaji, kinachokoma ni kujiamsha bila kuitwa. Tuliacha zile za sauti na za kibao cha kugusa, pamoja na ulinzi dhidi ya virusi. Tulipopima tena tukapata dakika 4 na sekunde 10.

Kuhusu ulinzi huo, nyumba ilikuwa na mabawabu wawili. Windows ina ulinzi wake wa asili, usiolipiwa, na kwa nyumba ya kawaida watosha. Lakini watengenezaji wengi hupachika juu yake programu nyingine ya kinga, ya majaribio ya siku kadhaa, ambayo siku hizo zikiisha humsumbua mwenye mashine kwa matangazo akitakiwa alipe. Tuliiondoa ile ya majaribio kwa njia ya kawaida ya kuondoa programu, na ule ulinzi wa asili ukashika zamu wenyewe. Zikatoka sekunde nyingine hamsini.

Kisha tukalijia jambo lililomuumiza binti usiku ule. Shemeji alikuwa mwangalifu mno na umeme. Kila usiku alihakikisha kipakatalishi kimezimwa mara tu mtoto alipomaliza kusoma, na intaneti ya simu ikafungwa. Desturi njema, lakini kwa mashine mpya ina madhara yake. Siku zake za kwanza kipakatalishi kipya kina kazi nyingi za chinichini: kushusha masasisho yaliyotolewa tangu kilipotoka kiwandani, kuorodhesha faili zake ili utafutaji uwe mwepesi, kukagua kila kilichomo. Kisipopewa nafasi ya kuzimaliza, kazi hizo huanzwa na kukatizwa kila siku, nazo hujitokeza tena saa ile ile unayokihitaji.

Juu ya hilo kuna jambo ambalo hata baadhi ya mafundi hawalieleziwateja. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, amri ya "Shut down" katika mashine nyingi haizimi kila kitu. Kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski kama kilivyo, ili kesho kiamke upesi badala ya kuanza upya. Ni hila nzuri, ila maana yake ni kwamba hitilafu iliyoingia Jumatatu yaweza kulala na kuamka nawe hadi Ijumaa, na baadhi ya masasisho hayakamiliki. Anayetaka mashine ianze upya kwa hakika huchagua "Restart". Kwa wiki tatu nzima, nyumba ile haikuwa imechagua neno hilo hata mara moja.

Basi usiku huo tulikiunganisha kipakatalishi na umeme, tukanunua bando la usiku, tukakiacha kifanye kazi zake. Kiliomba kuanzishwa upya mara mbili. Kulipopambazuka kilikuwa kimetulia, na kipimo kikaonyesha dakika 2 na sekunde 35. Shemeji alitabasamu kwa mara ya kwanza. Hata hivyo sikuridhika, kwani dakika mbili na nusu kwa mashine mpya bado ni nyingi, na ile taa ndogo ya diski haikukoma kumeta.

Tulirudi kwenye ile skrini ya Ctrl, Shift na Esc, safari hii upande wa "Performance". Hapo diski hutajwa kwa jina na aina yake. Yetu iliandikwa HDD, na matumizi yake yalikuwa asilimia 100 huku hakuna mtu aliyegusa kitu.

Hapa inafaa nieleze kidogo. HDD ni diski ya sahani inayozunguka, na juu yake mkono mwembamba unaosogea huku na huku kutafuta maandishi. Ni teknolojia ya heshima: ya kwanza kuuzwa ilitoka IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, uzito wake ulipita tani moja, na ilibeba herufi milioni 5 tu, ambazo leo hazitoshi kwa picha moja nzuri ya simu. Diski za vipakatalishi vya bei nafuu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Ni kasi kubwa kwa macho yetu, lakini kila faili ndogo inapohitajika, mkono husogea, kisha husubiri sehemu inayotakiwa ifike chini yake. Kusubiri huko ni elfu kadhaa za sekunde. Windows inapoamka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotapakaa, na programu zinazojiwasha huomba vyao wakati huo huo. Ni kama duka la jumla lenye mtumishi mmoja wa ghalani: wateja mia wanapiga kelele kaunta, naye hubeba kopo moja kila safari.

SSD haina sahani wala mkono. Ni vipande vya kumbukumbu kama vile vya flashi, ila bora zaidi, na kila kilichomo hufikiwa karibu papo hapo. Hata zile za kawaida husoma mfululizo mara nne au tano ya kasi ya HDD, na katika faili ndogondogo tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. Ndiyo sababu kubadilisha diski hufanya zaidi ya hila zote nilizokwisha kuzitaja. Nionavyo mimi, asiyekuwa na fedha ya kufanya mawili aanze na hili kabla ya kuongeza kumbukumbu ya kazi, ile mafundi waiitayo ramu. Ni kweli gigabaiti 4 zilizokuwemo ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakikubali, na 8 zingekuwa bora. Lakini ramu ikijaa, mzigo humwagwa kwenye diski, na afadhali umwagwe penye kasi.

Nikamwambia shemeji: mashine si mbovu, ila diski yake ni ya aina ya zamani. Uso ukabadilika tena. "Basi si ndilo hilo nililosema? Kanighushi!"

Tulikwenda kuswali Isha, na baada ya swala tukamuuliza khatibu. Msomaji anakijua kile kisa cha Mtume (S.A.W.) aliyeingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini yake kumelowa, muuzaji alikemewa kwa kuficha. Mafakihi wanayo pia hiari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwamo kabla ya mauzo, inayopunguza thamani, naye hakuijua, ana haki ya kurejesha. Khatibu alitusikiliza, kisha akauliza swali moja: "Alificha, au hamkusoma?"

Tuliporudi nyumbani binti alilileta boksi. Ubavuni, kwenye karatasi nyeupe ya kiwandani, kwa herufi ndogo lakini wazi, iliandikwa: 1TB HDD, 5400. Shemeji aliivaa miwani yake, akasoma mara mbili, akaivua.

Simu ilipigwa badala ya safari. Muuzaji hakubishana. Alisema maelezo yalikuwa kwenye boksi, lakini alikiri kwamba mteja alimwambia mashine ni ya mwanafunzi, naye angestahili kumweleza tofauti kabla ya kupokea fedha. Alijitolea kumpa SSD ya gigabaiti 256 kwa bei aliyoinunulia yeye, shilingi 4,200, akaituma kwa basi. Tulimuuliza pia jambo ambalo nawaomba wasomaji wasilisahau: je, kifuniko kikifunguliwa na fundi mwingine, dhamana itavunjika? Akatutumia ujumbe wa maandishi kwamba haitavunjika kwa kubadilisha diski. Ujumbe huo tuliuhifadhi.

Fundi wa Maua alikuwa kijana mwepesi wa mikono, kazi yake safi. Tulikhitilafiana mara mbili tu. Kwanza alipendekeza aweke "Windows ya bure", ile iliyovunjwa kufuli, kwa kuwa ni haraka. Tulikataa kwa sababu mbili. Nakala hizo mara nyingi huja na wezi ndani yake, wanaoiba nywila na kuirudisha mashine kwenye uzito ule ule. Na haki ya mtunzi ni mali: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua katika kikao chake cha tano, Kuwait, Desemba 1988, kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Tena hapakuwa na dharura yoyote. Leseni halali ya kipakatalishi kile ilikuwa imefungamana na mashine yenyewe, si na diski, kwa hiyo ilitosha kuinakili diski ya zamani kwenye mpya kama ilivyo. Kazi hiyo ilichukua muda wa kutoka Adhuhuri hadi Alasiri.

La pili lilikuwa ile diski iliyotolewa. Fundi aliomba abaki nayo na atupunguzie ujira kwa shilingi 500. Shemeji alikuwa karibu kukubali. Nilimkumbusha kilichomo: picha za harusi, akina mama bila mabuibui, nakala za vitambulisho, barua za familia. Hata ukifuta, mwenye ujuzi anaweza kuvirudisha. Diski ya mtu ni sitara ya nyumba yake. Tuliilipia kasha dogo la kuichomeka kwa waya, ikawa ghala la nje.

Jioni ile wote watano waliketi tena sebuleni, safari hii kwa hiari yao. Binti alibonyeza kitufe, mdogo wake akashika simu ya kupimia. Sekunde 24. Yule mdogo akadai amekosea kubonyeza, akaomba irudiwe. Ikawa 23.

Nitaje kwa haraka yale tuliyoshauriwa na majirani na hatukuyafuata. Programu zinazotangazwa mtandaoni kuwa "zinaongeza kasi" na "zinasafisha" nyingi zake ni mgeni mwingine tu katika ile orodha ya wanaojiwasha. Kuingia katika mipangilio ya ndani kabisa ya mashine na kubadilisha usiyoyajua ni kujitafutia safari ya kwa fundi. Na wale wenye vipakatalishi vidogo vya gigabaiti 64, ambavyo diski yake imebanwa na haibadilishwi, dawa yao ni nafasi: vikikaribia kujaa huwa vizito, basi picha na video zihamishwe nje.

Kuhusu zile kozi zilizogeuka, binti alisubiri dirisha lingine la marekebisho. Lilipofunguliwa alikiwasha kipakatalishi jana yake, akakianzisha upya kwa "Restart", akakiacha kwenye umeme hadi betri ikajaa, kisha asubuhi akajaza fomu bila papara na kuisoma mara tatu kabla ya kuituma. Boksi lenye ile karatasi nyeupe bado liko juu ya kabati la dada yangu. Ile diski ya zamani imo ndani yake, imefungwa kwa kitambaa, na ufunguo wa kabati anao yeye mwenyewe.